Jani la kila mtu, sufuria moja: chakula cha usiku cha Haji wa sukari na Hajati wa figo

Haji ana sukari ya miaka mingi na presha juu yake, Hajati figo zake zimeanza kushindwa kazi, na kila mmoja katoka hospitali na karatasi yake ya vyakula ambayo ukiiweka pembeni ya karatasi ya mwenzake utadhani zimeandikwa na watu waliogombana. Karatasi ya Haji inasema punguza wanga, kula maharage, kula dodo, yaani mchicha, parachichi ruksa, posho, yaani ugali, iwe ya unga usiokobolewa. Ya Hajati inasema maharage acha, dodo acha, parachichi acha, unga uwe mweupe. Na hawa watu wanaishi nyumba moja hapa Bombo, Uganda, wameoana tangu Haji akiwa bado jeshini, na usiku wamekula sinia moja maisha yao yote.

Mimi kazi yangu ni kupika, harusi, matanga, maulidi, popote penye masufuria makubwa. Binti yao aliyeko Kampala ndo alinitafuta, akaniambia njoo uone hawa wazee, jikoni pameharibika. Nimeruhusiwa kusimulia, majina tu ndo sitaji.

Jikoni palikuwa hivi. Mjukuu wao, msichana wa senior four, yaani kidato cha nne, kila jioni akitoka shule anawasha sigiri mbili, majiko ya makaa, sufuria ya Haji, sufuria ya Hajati, na ya tatu ya yeye na wadogo zake maana watoto hawawezi kula kabeji ya hospitali kila siku. Makaa yanaisha kama hayana bei. Chakula kinatoka saa nne usiku. Haji anakula sebuleni kwenye kiti, Hajati anakula chumbani, manake alisema hawezi kukaa anamtazama mzee anakula maharage na yeye anatafuna wali mkavu. Binti yao alinieleza habari ya damu na vipimo, lakini ukimsikiliza vizuri kilichomuuma ni hicho, kwamba mama anakula peke yake chumbani.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe wa chakula, hapa lazima twende polepole.

Shida kubwa ya Hajati ni potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula. Figo nzima inachuja potasiamu ya ziada inaitoa na mkojo, figo iliyochoka inaiacha kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 mpaka 5.0 kwa lita, Hajati alipimwa ikatoka 5.6, daktari akabadilika sura. Akaambiwa kwa siku nzima asipite miligramu 2000 hivi za potasiamu kwenye chakula. Unasikia 2000 unaona ni nyingi, mpaka uanze kuhesabu vyakula vya Uganda. Ndizi za kupika zinakimbilia miligramu 400 mpaka 500 kwa kila gramu 100, na nani hapa kwetu anakula matoke gramu 100? Dodo iliyopikwa inapita 600. Karanga zinapita 700, kwa hiyo ile binyebwa, mchuzi wa karanga tunaomwagia kila kitu, ndo hiyo. Parachichi karibu 500. Maharage yaliyoiva kama 400. Wali mweupe ulioiva haufiki hata 50. Yaani chakula ambacho kila mtu anamwambia mgonjwa kina afya, kwa Hajati ndo hatari, na wali mweupe ambao kila mtu anamkataza Haji, kwa Hajati ndo kimbilio.

Kisha kuna protini. Watu wengi wakisikia figo wanamwachisha mgonjwa nyama, samaki, mayai, kila kitu, mtu anabaki mifupa. Hajati alishaanza kupungua, kanzu zinamvaa. Daktari alimwambia gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yeye ana kilo 60 kwa hiyo ni gramu 48, sio nyingi lakini sio sifuri. Na nguvu ya mwili lazima itoke kwa wanga na mafuta, la sivyo mwili unaanza kujila wenyewe.

Haji yeye ni kinyume kabisa. Tumbo liko mbele, wanga unapandisha sukari, anatakiwa ajaze sahani kwa mboga na protini, wanga ubaki robo. Ila kuna kitu kilitokea ambacho kwangu ndo kiini cha kisa chote. Kuna usiku Haji alimhurumia mke wake, akasema kama wewe huli na mimi sili, akanywa chai kavu akalala. Lakini dawa yake alishameza, glibenklamidi, na hiyo dawa inasukuma kongosho itoe insulini ule usile. Usiku wa manane jasho linamtoka, anatetemeka, maneno hayaeleweki, mjukuu akamchoma kidole glukomita, kile kipimo cha sukari, ikasoma milimoli 3.1 kwa lita. Chini ya 4 tayari ni hatari. Akakorogewa vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, wakangoja robo saa, wakapima tena, ikapanda, akapewa kipande cha mkate. Asante Mungu msichana alikuwa anajua. Kwa hiyo mtu asije kudhani habari ya kula pamoja ni mambo ya mapenzi tu, mzee wa sukari anayeruka mlo kwa huruma anaweza asiamke.

Nilienda na binti yao kwa mtaalamu wa lishe, na karatasi zote mbili, pamoja na orodha ya vitu vinavyopatikana soko la hapa bila kuvitafuta Kampala. Mama huyo alitusaidia sana, hakutupa karatasi ya tatu. Alituuliza kwanza, ni mlo gani hawa wanakula pamoja? Ni usiku tu. Mchana Haji yuko dukani kwake tredingi senta, Hajati nyumbani. Akasema basi vita ni ya usiku peke yake, mchana kila mtu na lwake, Haji maharage yake na dodo yake ale mchana hukohuko dukani, asiyalete nyumbani usiku. Hiyo peke yake ilipunguza nusu ya kelele.

Cha pili alichosema, na mimi mpishi nilikielewa mara moja, ni kwamba sufuria inafuata mwenye masharti makali zaidi. Huwezi kupika ya Haji halafu utoe ya Hajati humo, potasiamu ikishaingia kwenye mchuzi huitoi. Lakini ukipika ya Hajati unaweza kumwongezea Haji kitu pembeni, na unaweza kumpunguzia. Wali mweupe haumuui Haji, kinachomuumiza ni ule mlima. Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina kama gramu 45 za wanga, na daktari wake alimruhusu kiasi hicho kwa mlo. Kwa hiyo wanakula chakula kile kile, tofauti yao iwe kwenye kipimo.

Chumvi ndo walipoelewana bila kubishana, wote wana presha. Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kimoja kwa kila kitu, na vile vikyubu vya mchuzi na pakiti za viungo vimejaa chumvi tele kwa hiyo vikatoka jikoni. Ila hapa kuna mtego nauweka wazi kabisa. Kijana wao wa Kampala kwa mapenzi yake alikuwa ameleta kopo la chumvi ya watu wa presha, limeandikwa sodiamu kidogo, bei juu, na Hajati ndo alikuwa anaitumia kwa uaminifu. Geuza kopo usome nyuma: kloridi ya potasiamu. Wameondoa sodiamu wakaweka potasiamu. Kwa mtu mwenye presha tu na figo nzima hiyo chumvi haina neno, inaweza hata kumsaidia, kwa mtu wa figo ni kumwekea sumu kwenye mboga kijiko kijiko. Kopo likaenda kwa mtaalamu, mtaalamu akalitia kwenye droo yake na halikurudi.

Na wale wa kaskazini mnaopika maharage na mboga kwa maji ya majivu yaliyochujwa, ni hivyo hivyo, majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Jirani yao mmoja alishapendekeza. Ukwaju pia, watu wanautumia kuleta uchachu mahali pa chumvi, una potasiamu tele. Ndimu ya kukamulia juu ya samaki haina shida, matone machache unapata ladha.

Haya, matoke. Bombo iko Buganda, hawa ni Wanubi lakini matoke wamekula tangu utotoni na Hajati ndo wa kwanza. Mtaalamu alitufundisha: menya, kata vipande vyembamba, maji mengi sana, chemsha, mwaga maji yote, weka maji mapya, chemsha mpaka yaive, mwaga tena. Potasiamu inatoka na maji, kwa viazi vilivyokatwa vidogo inaweza kutoka nusu au zaidi. Na wanaosema loweka tu kwenye maji baridi usiku kucha wanakudanganya, kuloweka peke yake kunatoa kidogo sana, ni ule moto ndo unafanya kazi. Ukishaelewa hilo unaelewa pia kwa nini matoke yetu ya kufunga kwenye majani na kupika kwa mvuke ndo mabaya zaidi kwake, hakuna maji ya kumwaga, kila kitu kinabaki mle ndani. Na katogo ndo kabisa, ndizi na utumbo vinachemka pamoja halafu unakunywa na supu, yaani kilichotoka kwenye ndizi unakifuata na kijiko.

Tulipika ya kumwaga mara mbili. Nikayaponda, nikakaanga kitunguu kwenye mafuta nikachanganya, mimi niliona yanalika. Hajati alitia mdomoni, akatafuna taratibu kwa heshima, akameza, akasema, "Mwanangu, asante, lakini hii umefua." Haji alicheka mpaka akashika ubavu. Basi matoke yakatoka kwenye sinia ya usiku. Sikubishana naye, mtu anayeambiwa acha hiki acha kile kutwa nzima ana haki ya kukataa kitu kimoja yeye mwenyewe.

Lakini majani hayakutoka, na hapa ndo mambo yalipofunguka.

Luwombo mnaijua. Nyama au kuku au samaki anafungwa kwenye jani la mgomba na mchuzi wake, anapikwa kwa mvuke, husimuliwa kwamba ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga. Watu wanaikumbuka kwa utamu tu, mimi nilianza kuifikiria kama kipimo. Luwombo inafungwa ya mtu mmoja mmoja. Kila jani lina chake ndani. Sufuria moja, moto mmoja, muda mmoja, na ndani ya jani la Haji unaweza kuweka kitu ambacho hakimgusi Hajati hata kidogo, mchuzi wake hautoki kwenda kwa mwenzake kama umefunga vizuri. Nimefunga luwombo za harusi mpaka vidole vinauma, na sikuwahi kuitazama hivyo.

Jani lenyewe uchague changa lisilochanika, unalipitisha juu ya makaa, usilikalishe, linapita tu, utaliona rangi inageuka kutoka kijani kile cha kukolea linang'aa kama limepakwa mafuta na linalegea mkononi. Hapo toa ule uti wa nyuma kwa kisu, unauparura tu usilitoboe. Likitoboka litupe, usilitie kiraka, kwenye harusi kiraka kinapita lakini kwa mgonjwa mchuzi wa karanga ukivuja mle chini umeharibu kazi yote. Mimi nalaza majani mawili kwa usalama.

Samaki ni ngege, yaani sato, mbichi, sio wa chumvi wala wa moshi. Mukene, yaani dagaa, hapana, unaliwa na mifupa yake yote na fosforasi inakuwa juu, na fosforasi ni kitu kingine ambacho figo za Hajati hazitoi vizuri. Ngege mmoja wa wastani anagawanywa. Jani la Hajati linapata vipande viwili vya ukubwa wa kiberiti, kama gramu 60, hapo amepata gramu 12 hivi za protini na siku yake bado ina nafasi. Jani la Haji linapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kote unaweka kitunguu maji kingi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili hoho, nyanya nusu tu kwa jani la Hajati, ndimu, na mafuta. Kwa Hajati mafuta unaongeza kijiko kizima, anahitaji nguvu, kwa Haji kidogo. Halafu kwa Haji peke yake kijiko kimoja cha binyebwa isiyo na chumvi, kijiko sio upawa. Unafunga, la Hajati unafunga kwa kamba ya mgomba fundo mbili na la Haji fundo moja, ndo alama yetu, mjukuu alibuni.

Juu ya majani hayo kwenye sufuria ile ile mjukuu anafunga majani mengine matatu ya watoto, binyebwa na chumvi yao kawaida. Sufuria ya tatu ikafa hapo.

Wali unapikwa mara moja kwa wote, maji mengi unamwaga kama watu wa kambi wanavyopika, bila chumvi. Watu wanaona wali bila chumvi ni adhabu, lakini ukiweka iliki na mdalasini na kitunguu cha kukaanga pembeni, hata watoto walikula bila kuuliza.

Kabeji inakatwa nyembamba, inachemshwa maji yanamwagwa, kisha inakaangwa na kitunguu na biringanya iliyochemshwa nayo ikamwagwa maji. Kabeji sio dodo, nakubali, Haji alinung'unika. Lakini kabeji mbichi iko chini ya 200 kwenye ile hesabu ya potasiamu, na kwa Haji ni nyuzi zile zile za kujaza tumbo bila sukari. Yeye anapewa lundo. Na tulimwekea utaratibu mmoja, aanze na kabeji na samaki, wali aumalizie mwisho, kwa sababu ukianza na mboga na protini sukari baada ya kula haipandi kwa kasi kama ukianza na wanga. Mzee wa jeshi huyo, utaratibu ndo lugha yake, hajawahi kukosea.

Sinia sasa. Binti yao alitaka kila mtu apewe sahani yake basi, imeisha. Mimi nilikataa. Ukiwapa sahani mbili wameshatengana tena, baada ya wiki mmoja anakula sebuleni. Lakini sinia ya kuchota katikati haina kipimo, nani atajua Haji kala vikombe vingapi? Jibu lilikuwa kwenye adabu ambayo wote wawili walifundishwa wakiwa watoto chuoni, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Kilicho mbele yako! Mjukuu anapima wali kwa kikombe jikoni, kikombe kimoja anakimimina upande wa Haji, kimoja na nusu upande wa Hajati, kabeji katikati kama ukuta, majani mawili kila moja mbele ya mwenyewe linafunguliwa pale pale mvuke unatoka. Kabeji ndo wanachangia. Hakuna anayevuka, sio kwa sababu ya daktari, kwa sababu kuvuka ni utovu wa adabu. Haji alijaribu usiku mmoja kuchokoa wali wa upande wa pili, Hajati akampiga kofi la mkono, "Haji, hiyo ni ya figo." Akarudi kwake.

Mchuzi unaobaki kwenye jani la Hajati haunywi, unabaki kwenye jani. Hilo lilikuwa gumu, luwombo bila kulamba jani ni nini, lakini anaelewa.

Saa pia zilibadilika. Zamani saa nne usiku, sasa wanakula kati ya Magharibi na Isha, kwa sababu dawa ya Haji inamezwa na chakula kikiwa tayari, haimezwi mtu akingoja makaa yakolee. Sinia ikitua ndo kidonge kinatoka kwenye pakiti. Mjukuu anamaliza mapema anasoma, na huyu ana mtihani mwaka huu, watu walikuwa wamemsahau kabisa kwenye hesabu.

Sio kila usiku ni samaki. Kuna usiku wa posho nyeupe na kuku aliyetolewa ngozi, kwa jani vile vile. Kuna usiku wa yai, moja la Hajati, mawili ya Haji, na kabeji. Matunda ndo tulipata bahati ya kukaa wilaya ya Luwero, nanasi liko hapa hapa barabarani na nanasi lina potasiamu kidogo, kama 110 kwa gramu 100, ndizi mbivu ni mara tatu ya hiyo. Hajati anapata vipande viwili vinono. Haji kimoja chembamba, sukari ya nanasi sio mchezo. Hilo ndo tunda la sinia, mengine yameachwa.

Matokeo? Potasiamu ya Hajati ilipimwa tena ikarudi chini ya 5. Lakini nisijipe sifa zote, daktari alipunguza pia kidonge kimoja cha presha, kuna aina ya dawa za presha zinazopandisha potasiamu, kwa hiyo huwezi kusema ni jani la mgomba peke yake. Kilo zake zimeacha kushuka, hiyo naamini ni mafuta na wali na kula akiwa na mtu. Sukari ya Haji ya asubuhi imetulia, sio nzuri kama daktari anavyotaka, imetulia. Usiku wa kutetemeka haujarudi.

Na wewe unayesoma una mgonjwa wa figo nyumbani usichukue hesabu za Hajati ukazipachika kwa mama yako. Figo zina hatua zake, kuna mtu potasiamu yake iko sawa hahitaji kunyimwa chochote, na anayesafishwa damu kwa mashine kule hospitali ya Kiruddu, Kampala, protini yake inaongezwa haipunguzwi, kwa sababu mashine inatoa nyingine. Karatasi ya vipimo ndo inaamua.

Kelele za nje zipo. Shemeji mmoja alikuja kutembea, akaona kabeji na wali, akasema mnawaua wazee kwa njaa, nyumba ya Haji haijawahi kukosa matoke. Wiki iliyofuata akaleta mkungu mzima kwa boda. Mkungu uliliwa na watoto na majirani, Hajati alishukuru kwa mdomo. Mwingine akaleta chupa ya mizizi ya figo, hajulikani imechanganywa nini, hiyo niliomba isifunguliwe mpaka daktari aione, na bado iko juu ya kabati.

Kilichobaki ni Ramadhani. Daktari wa figo alishamwambia Hajati kufunga hapana, na sheikh akamwambia vile vile, atoe fidya, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Haji anataka kufunga, na kwa glibenklamidi hiyo hawezi kuamua mwenyewe, lazima dawa ipangwe upya kabla mwezi haujaandama, ameshaandikiwa tarehe ya kliniki. Futari tumepanga hivi: Haji tende moja na maji, kisha sinia kama kawaida. Hajati tende hapana, nazo zina potasiamu nyingi, atakaa naye mkekani na nanasi lake. Fidya mjukuu amesema ataipika yeye, siku hizo sigiri ya pili itawashwa tena, na hiyo itakuwa matoke na binyebwa, wanaolishwa figo zao ni nzima.